Nailoni ya kitaluni: inayozuia UV, inayoipitisha, neti ya kivuli, au jua wazi?

Ukiingia duka la pembejeo mjini Kampala kutafuta nailoni ya kufunikia kitalu, muuzaji atakuuliza unene, kisha urefu, kisha kama unalipa taslimu au kwa simu. Ukigusia habari za UV, yaani miali ya jua ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, utajibiwa upesi: "Ssebo (bwana), hii ina UV." Mimi nilijibiwa hivyohivyo. Nikalipa, nikaipakia kwenye basi la Mbale, nikaitandaza juu ya fito zangu, na misimu miwili ikapita kabla sijang'amua kwamba nilikuwa nimejibiwa swali jingine kabisa.

"Ina UV" hubeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza, na ndilo wauzaji wengi wanalolikusudia, ni kwamba nailoni imetiwa dawa isibomolewe na jua. Isiyo na dawa hiyo hupasuka kama jani kavu la mgomba kabla ya mwaka kwisha. Yenye nayo huvumilia miaka kadhaa. Hapo ni uhai wa nailoni tu unaozungumzwa. La pili ni nailoni inayozuia miali ya urujuanimno isiifikie mimea. La tatu ni kinyume chake: nailoni iliyotengenezwa makusudi ili miali hiyo ipenye. Kibaya zaidi, baadhi ya dawa za kuilinda nailoni hufanya kazi kwa kuimeza miali yenyewe, kwa hiyo ukinunua ya kwanza unaweza kupata ya pili bila kuambiwa. Polithini tupu, yaani nailoni yenyewe bila dawa yoyote, huipitisha miali mingi.

Miche ndiyo iliyonifungua macho. Mama mmoja wa upande wa Kapchorwa alinunua kwangu miche ya kabichi, mirefu, laini, kijani cha kupendeza. Siku ya nne akanipigia simu: majani yamebabuka, yamegeuka rangi ya shaba. "Mwanangu, umeniuzia miche ya ndani ya nyumba," akasema. "Huku kwetu jua la mlimani si mchezo." Nikamwomba radhi, nikamtumia mingine, na nikaulaumu Mlima Elgon. Baadaye nilipopiga hesabu niliona mlima umesingiziwa. Ni kweli kwamba UV huongezeka unapopanda, lakini kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na kutoka Mbale hadi shambani kwake ni mita mia kadhaa tu. Tofauti hiyo haitoshi kuunguza kabichi. Miche ile ilikuwa imekulia mahali ambapo sehemu moja ya jua haikuwepo kabisa, kisha ikalipata jua lote kwa siku moja.

Ndiyo maana siwezi kulinganisha nailoni na neti kabla sijasema kinachotokea ndani ya jani. Ukishakielewa hicho, dukani hutababaika.

Seli inapolionja jua

UV ya jua imegawanywa mafungu matatu. Fungu C, chini ya nanomita 280 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), humezwa lote angani. Fungu B, kati ya 280 na 315, humezwa kwa sehemu kubwa na tabaka la ozoni, na kinachobaki hutufikia. Fungu A, kutoka 315 hadi 400, hupita karibu bila kizuizi. Katika UV inayofika ardhini, kama asilimia 95 ni A na B ni ile iliyosalia. B ni kidogo kama chumvi kwenye sufuria ya mchuzi, lakini mmea huihisi. Nasi huku tunapewa zaidi kuliko watu wa Ulaya: Uganda imekatwa na ikweta, jua hupita utosini Machi na Septemba, na ozoni ya ukanda wa joto ni nyembamba kuliko ya kaskazini.

Mmea hauna jicho, ila seli zake zina vipokezi, protini zinazobadilika zikipigwa na mwanga wa aina fulani. Kipokezi cha mwanga mwekundu kilitambuliwa mwaka 1959. Cha bluu na UV-A, kiitwacho kriptokromu, kilijulikana mwaka 1993. Cha UV-B kiliwasumbua watafiti muda mrefu zaidi. Mwaka 2002 jeni ya UVR8 ilionekana kuhusika: mmea wa Arabidopsis ulioharibiwa jeni hiyo ulishindwa kujikinga na UV-B. Ila ilikuwa hadi 2011 ndipo ilipothibitishwa kwamba protini ya UVR8 yenyewe ndiyo inayohisi, na mwaka 2012 umbo lake likachorwa. Arabidopsis, kwa wasioijua, ni kigugu kidogo cha ukoo wa kabichi. Kwa hiyo habari hizi zinamhusu mama wa Kapchorwa kuliko unavyodhani.

Namna UVR8 inavyofanya kazi inanifurahisha kila nikiifikiria. Vipokezi vingine huhitaji kushika molekuli ya pembeni, aina ya rangi, iwasaidie kumeza mwanga. UVR8 haishiki kitu. Inatumia triptofani, mojawapo ya asidi amino zilizoijenga yenyewe, na hasa mbili, ya nafasi ya 233 na ya 285 katika mnyororo wa asidi amino 440. Pasipo UV-B, protini mbili za UVR8 hukaa zimekumbatiana, zimeshikwa na chaji chanya na hasi zinazovutana. UV-B ikizigonga triptofani zile, mvuto unakatika na pacha wanaachana. Kila mmoja sasa yuko huru kushikana na protini nyingine, COP1.

COP1 kwa kawaida ni mharibifu: humtia alama mwenzake aitwaye HY5 ili avunjwevunjwe. UVR8 ikiishika COP1, HY5 inapona, inajaa ndani ya kiini cha seli, na kuanza kuwasha jeni. Jeni hizo hutengeneza flavonoidi, dutu zinazojazwa kwenye seli za ngozi ya juu ya jani. Humeza UV lakini huuacha mwanga mwekundu na wa bluu upite ukafanye kazi ya usanisinuru. Ni miwani ya jua ambayo mmea umejichongea wenyewe. Jeni nyingine hutengeneza vimeng'enya vya kukarabati DNA. Shina nalo huambiwa lisikimbilie juu: homoni za kurefuka hupunguzwa, mche unakuwa mfupi, mnene, wenye jani zito. Mwishowe HY5 huwasha pia protini mbili, RUP1 na RUP2, ambazo kazi yake ni kuwarudisha pacha wa UVR8 wakumbatiane tena. Kengele inazimwa na mikono ileile iliyowashwa nayo. Ndani ya saa moja au mbili bila UV-B, seli iko tayari kuhisi upya.

Hiyo ni njia ya kipimo kidogo: UV kama habari. Kuna ya pili, UV kama kipigo. Miali ikizidi kuliko kinga iliyopo, inapiga DNA moja kwa moja. Thymini mbili zilizo jirani (thymini ni mojawapo ya herufi nne za DNA) hugandana, na seli inaposoma jeni hukwama hapo. Mitambo ya usanisinuru nayo huumia, jani linapauka au kugeuka shaba, kingo zinajikunja. Ukarabati upo: kimeng'enya cha fotolaiasi huzitenganisha herufi zilizogandana, na nguvu yake hukitoa kwenye mwanga wa bluu na UV-A. Jua lenyewe linalipa fundi wa kurekebisha lilichoharibu. Gizani kuna njia nyingine, ya kukata kipande kibovu na kukijaza upya, lakini ni ya polepole.

Sasa weka njia hizi mbili mezani pamoja. Mche uliokulia mahali UV-B inapofika umekwisha kupokea habari siku nyingi, miwani iko tayari, mafundi wako kazini. Mche uliofichwa haukupata habari. Unapotolewa nje saa sita mchana, habari na kipigo vinafika pamoja. Jeni huanza kuwaka ndani ya saa chache, ila kuijaza ngozi ya jani flavonoidi ni kazi ya siku. Katika pengo hilo ndimo kabichi za yule mama zilimobabuka. (Kwa haki, si UV peke yake: mwanga mwingi wa kawaida na upepo unaokausha navyo vilichangia. Ila hivyo viwili hata neti inavifundisha mche. UV-B haina mwalimu mwingine.)

Inayozuia

Nailoni inayozuia UV ina sifa moja inayonitia majaribuni kila mwaka, nayo haihusu mmea, inahusu wadudu. Nzi weupe, vidukari na thripsi hutumia UV kuona njia. Mahali pasipo na UV kwao ni kama usiku wa mwezi mwandamo: huingia wachache, na walioingia hutanga. Anayelima nyanya ndani ya nyumba ya nailoni anajua maana yake, kwa kuwa nzi weupe ndio wanaoleta kile kirusi kinachoyakunja majani ya nyanya na kuyageuza manjano, na kikishaingia hakuna dawa, ni kung'oa. Ukungu wa kijivu nao hupungua, maana nyingi za aina zake huhitaji UV ili zitoe mbegu za kusambaa.

Upande wa pili wa shilingi ni nyuki. Huona UV, na ndani ya nyumba hiyo kazi yao huweza kuzorota. Nyanya unaweza kuzitikisa kwa mkono asubuhi, lakini tango la kuchavushwa halitakusamehe. Halafu kuna ubwiri unga, ukungu unaokaa juu ya jani bila ngozi ya kuukinga. UV-B huuchoma, kwa hiyo ukiiondoa UV-B umemwondolea adui yake. Na miche ya kuuza ndiyo hiyo niliyokwisha kuieleza: mizuri ya kupiga picha, dhaifu shambani.

Inayopitisha

Chini ya nailoni inayopitisha, UVR8 inaachana na kukumbatiana kila siku kama ilivyoumbwa. Miche inatoka mifupi, na mteja asiyejua atainua pua: "Mbona vidogo?" Hapo inabidi ueleze. Nimejifunza kumwekea mteja miche miwili mkononi na kumwambia akunje jani la kila mmoja. Lile la nailoni inayopitisha ni gumu kidogo, la mwenzake ni kama karatasi ya choo.

Faida kubwa zaidi iko kwa wanaouza rangi na harufu. Letusi nyekundu haizaliwi nyekundu. Wekundu wake ni antosiyanini, ndugu wa flavonoidi nilizozitaja, na sehemu kubwa ya amri ya kuutengeneza hutoka kwa UV. Chini ya nailoni inayozuia, letusi hiyohiyo hubaki kijani au hupata wekundu hafifu, na hoteli ya Kampala iliyoagiza nyekundu haitaipokea. Mrehani nao huongeza mafuta yake ya harufu ukipata UV-B.

Hasara ni wadudu. Unawaona vizuri wewe, na wao wanauona mmea vizuri. Utahitaji neti ya wadudu pembeni na mlango wa mara mbili. Ukiongeza gharama hizo kwenye hesabu, usidanganyike kwamba nailoni inayopitisha ni rahisi.

Neti, kioo, na karatasi ngumu

Neti nyeusi ya kivuli haichagui. Ya asilimia 50 hukata nusu ya kila kitu: mwanga mwekundu, bluu, UV. Kwa hiyo chini yake habari ya UV-B ipo, ila kwa sauti ya chini, na mvua inapita. Tatizo ni kwamba mwanga wa kawaida nao umekatwa, na mche wa nyanya ukinyimwa mwanga utarefuka hata kama UVR8 inaukataza. Asilimia 30 hadi 50 inatosha kwa mboga. Neti nzito kuliko hapo unaotesha tambi.

Kioo cha dirisha huwadanganya wengi. Kina uwazi wa kupendeza, lakini huzuia karibu UV-B yote huku UV-A nyingi ikipita. Mtu aliyejenga kitalu kwa madirisha ya nyumba iliyobomolewa amejenga, bila kujua, nyumba inayozuia. Karatasi ngumu za polikaboneti ni zaidi: huzuia A na B karibu zote. Ni imara dhidi ya mvua ya mawe, na kwa nyanya za kubaki ndani zinafaa. Kwa miche ya kutoka nje, mimi sizitaki.

Jua wazi halihitaji maelezo marefu. Mboga za majani kama nakati, dodo (mchicha) na sukuma wiki ukizipanda kwa mbegu kwenye tuta, hukua na jua tangu jani la kwanza na UVR8 yake haijawahi kulala. Kinachoziua ni mvua kubwa ya Aprili na kuku wa jirani, si UV.

Kupima kabla ya kulipa

Kwa kuwa lebo haisemi, nimebuni kipimo cha mfukoni. Ile taa ya kukagua noti bandia ambayo kila duka la pesa kwa simu linayo hutoa UV-A. Ukiwasha taa hiyo juu ya shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, shati hung'aa bluu. Sasa weka kipande cha nailoni katikati. Mng'ao ukizimika, nailoni inazuia UV-A, na inayozuia A kwa kawaida imezuia B pia. Mng'ao ukibaki, usishangilie bado: UV-A inapita, lakini B huenda imekwama, kama kwenye kioo. Angalia pia taa yenyewe. Zile za nanomita 365 ni nzuri kuliko tochi za bei nafuu za 395, ambazo nusu yake ni zambarau ya kawaida inayopita popote.

Kwa B, mimi humtumia shahidi aliye hai. Otesha letusi nyekundu chache chini ya kipande cha nailoni hiyo, na nyingine nje, udongo mmoja, maji mamoja. Wiki tatu au nne baadaye linganisha wekundu. Ni taratibu, na muuzaji hatakusubiri, lakini ukinunua kipande kidogo kwanza badala ya roli nzima utakuwa umenunua jibu.

Basi ni ipi?

Kama unalima nyanya au pilipili hoho za kuvunwa humohumo ndani, na eneo lako lina nzi weupe, chukua inayozuia. Mmea ambao hautatoka nje hauhitaji miwani. Kama unauza letusi za rangi, mrehani na majani ya harufu, chukua inayopitisha na ulipie neti ya wadudu bila kunung'unika. Kama ni miche ya mboga ya kwenda shambani kwa watu, inayopitisha ni bora, na ukiikosa, neti ya asilimia 30 inaishinda nailoni inayozuia hata kama neti haizuii mvua.

Na kama, kama mimi, tayari umeshatumia pesa kwa nailoni usiyoitaka, usiitupe. Mimi naikunja. Siku 10 kabla ya kuuza, naifungua saa moja asubuhi na kuirudisha saa tatu. Jua likiwa chini, miali hupita njia ndefu ndani ya ozoni na UV-B ni kidogo. Kila siku mbili naongeza saa moja. Hapa Mbale jua hufika utosini karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili, kwa hiyo saa za kuogopa ni kuanzia saa nne hadi saa tisa, na hizo nazifikia katika nusu ya pili ya siku hizo 10 tu. Mawingu mepesi hayanidanganyi, UV nyingi huyapenya. Tangu nianze hivyo, simu kutoka Kapchorwa ni za kuagiza.

Miche ya kahawa nimeiacha nje ya ulinganisho huu makusudi. Ile ya Bugisu bado naiweka kwenye kavera zake (vifuko vya plastiki) chini ya kichanja cha matete, kama alivyofanya baba yangu. Miezi ya mwisho kabla ya kupanda alikuwa akipita kila wiki na kuchomoa konzi moja ya matete, mwanga ukizidi kidogo, kisha konzi nyingine. Nilidhani anatafuta kuni. Kichanja hicho bado sijakibadilisha kwa nailoni ya aina yoyote.